Sura ya Saba: Hesabu ya Kabla ya Masika

Daraja lilikuwa limeua kisingizio bora kuliko vyote katika historia ya elimu ya bonde la Kilombero. Enzi za pantoni, mwanafunzi wa bweni aliyechelewa kuripoti shuleni alisimama mbele ya mwalimu wa zamu, akainamisha kichwa kama mtu anayepokea komunyo, akasema, "Pantoni liliharibika, mwalimu," na hapakuwa na mahakama duniani iliyoweza kumtia hatiani. Sasa malori yalipita juu ya maji bila hata kupunguza mwendo. Vizazi vya wachelewaji vilikuwa vimeachwa yatima.

Inspekta Agnella alisimama ukingoni mwa mto, mahali alipokuwa akisimama zamani na tranka lake la bati na ndoo yenye jina, akampa marehemu pantoni heshima anayostahili. Harufu ilikuwa ile ile ya matope, perege wa kukaanga na majani mabichi. Kisha akakumbuka kwamba hakutumwa kutoka Morogoro kuja kunusa, akafungua mkoba wake wa kazi.

Shauri lenyewe lilikuwa hivi. Kikundi cha wakulima wa mpunga cha Kisawasawa kilikuwa kimepoteza mavuno ya msimu mzima. Mpunga wenyewe ulikuwa umeuzwa, umekobolewa, na bila shaka umeshapikwa pilau katika miji ya mbali. Kilichopotea ni malipo yake. Malipo hayo yalikuwa sarafu za mtandaoni, na yalikaa katika simu ya katibu wa kikundi, mtu aitwaye Evod, kupitia mfumo ambao wakulima na wanunuzi wote wa barabara ile waliuita Mfereji. Siku ya gulio, mchana, simu ya Evod ilitangaza hesabu ya zamani badala ya hesabu mpya. Katika Mfereji hilo ni kosa lisilo na rufaa: anayetangaza hesabu ya zamani huhesabiwa kuwa tapeli, na kila kilichomo hupelekwa kwa mwenzake. Mwenzake alikuwa Bi Firdausi, mnunuzi wa mpunga wa Ifakara. Mwenyekiti wa kikundi, Mzee Nikodemu, aliwaita polisi siku iliyofuata, na kesho kikundi kilikuwa kinakutana ghalani. Inspekta asipokuwa na maelezo mengine, Evod angetoka kwenye mkutano huo na pingu mkononi.

Asubuhi, akiwa njiani, Agnella alikuwa amepita Kisawasawa kumhoji. Evod alikuwa mtu mwembamba wa umri wa makamo, mwenye shati lililopigwa pasi upande wa mbele tu, kama watu wasio na wa kuwatazama mgongoni. Alipoulizwa siku ya gulio alikuwa wapi, alisema Ifakara. Kufanya nini? Kununua dawa ya kuku. Dawa iko wapi? Hakuipata. Na kuku wako wapi? Hapo Evod alitazama uani kwake kwa muda mrefu, kama mtu anayetumaini kuku watajitokeza wenyewe kwa huruma.

"Niandike mwizi, afande, tumalize," alisema.

Agnella alikuwa amekutana na wezi waliokana huku mbuzi wa watu akilia mabegani mwao. Mwizi anayekubali upesi hivyo, na kudanganya vibaya hivyo, hakuwahi kumwona. Akafunga mkoba wake bila kumwandika chochote.

Ndiyo maana sasa alikuwa kivukoni. Mtu aliyeusanifu Mfereji aliishi pale, katika nyumba iliyokuwa zamani ya mama lishe wa abiria wa pantoni, na mtu huyo aliitwa Luqman. Agnella alimfahamu vizuri kuliko alivyotaka. Walisoma pamoja ng'ambo ya mto. Luqman aliwahi kupiga kengele ya chakula katikati ya mtihani wa fizikia, na nusu ya darasa ikakimbilia bwaloni na sahani, mwangalizi wa mtihani akiwa wa tatu katika foleni. Agnella ndiye aliyekuwa dada mkuu mwaka huo, na ndiye aliyepeleka jina la mkosaji ofisini.

"Dada Mkuu," alisema Luqman alipofungua mlango, bila salamu, nywele zikiwa zimeanza kuingia mvi upande mmoja. "Umekuja kuniandika tena kwenye wapiga kelele?"

"Inategemea umepiga kengele gani safari hii."

Akamkaribisha ndani. Chumba kilikuwa na meza, feni, na kompyuta iliyofunikwa kanga dhidi ya vumbi. Agnella alimwomba amweleze Mfereji kama anavyomweleza mtoto wa darasa la nne, na Luqman akamwuliza kama anakumbuka tranka la sukari.

Nani angelisahau? Kila muhula ulipofunguliwa, Luqman na mwenzake wa kitanda cha juu, Abdulswamad, walimwaga sukari yao yote katika tranka moja na kulifunga kwa kufuli mbili, kila mmoja na ufunguo wake, mbele ya patroni wa bweni. Baada ya hapo halikufunguliwa mpaka mwisho wa muhula. Abdulswamad aliponunua karanga za Luqman, hawakugusa sukari. Waliandika kikaratasi kipya kinachosema vikombe vingapi sasa ni vya nani, wote wawili wakatia sahihi, kila mmoja akabaki na nakala. Siku ya kufunga shule waliita patroni, wakatoa kikaratasi cha mwisho, wakagawana. Patroni aliona tranka likifungwa na akaliona likifunguliwa. Yaliyopita katikati, nani alinunua nini na nani alilipa ili aandikiwe kazi ya Kiswahili, hakuyajua mpaka alipostaafu.

"Nakumbuka mliitwa ofisini kwa kosa la kuendesha benki bila kibali," alisema Agnella.

"Hatukupatikana na hatia. Hapakuwa na ushahidi." Luqman alitabasamu kama mtu anayetazama picha yake ya ujana. "Mfereji ni tranka lile. Patroni ni mnyororo, yaani hesabu ya hadhara ya sarafu zote, ambayo dunia nzima inaweza kuisoma. Tunamwita mara mbili tu, kufunga na kufungua. Kinachobaki ni siri ya wawili."

"Na mtu akija na kikaratasi cha zamani, cha wakati alipokuwa na sukari nyingi?"

"Anapoteza sukari yote. Tuliiweka sheria hiyo wiki ya pili, baada ya Abdulswamad kunijaribu."

Kisha akafunua kanga. Kompyuta ile aliipa jina la Dungu, kwa kuwa kazi yake ilikuwa ile ile ya dungu la shamba la mpunga: kukaa juu, kuangalia ndege, na kupiga kelele wenye shamba wakiwa wamelala. Kila watu wawili walipoandikiana hesabu mpya, simu zao zilimpelekea Dungu kifurushi kilichofungwa. Ndani yake mlikuwa na nguvu ya kuadhibu hesabu iliyopita. Lakini kufuli la kifurushi lilifunguka kwa kitu kimoja tu, nacho ni tangazo la tapeli mwenyewe. Tapeli asipotokea, Dungu alikalia rundo la vifurushi asivyojua kimoja kina nini, ni cha nani, wala kililetwa lini.

Agnella alisema kwamba huyo ni mlinzi kipofu. Luqman akajibu kwamba ni kipofu kwa hiari. Ifakara nzima ingependa kujua Bi Firdausi ananunua mpunga kwa bei gani Kisawasawa na kwa bei gani Mkula. Anayejua asubuhi, mchana ameshamzidi bei kidogo na kumnyang'anya wakulima. Luqman angeweza pia kuwawekea watu nakala za hesabu zao, anayepoteza simu aje achukue. Alikataa.

"Anayeweka nakala, iko siku ataombwa," alisema. "Na mshindani, na mume wa mtu, na polisi. Kwa heshima zote."

"Mimi ndiye polisi."

"Ndiyo maana nikasema kwa heshima zote."

Agnella hakucheka, ingawa ilimgharimu. Alimwomba asome kifurushi kimoja kilichokwisha kufunguka, kile cha siku ya gulio. Luqman akakisoma. Upande wa Bi Firdausi ulikuwa umejaa karibu wote. Upande wa wakulima ulikuwa na kipande tu, kama malipo ya utangulizi ya msimu.

Inspekta alimwomba arudie. Luqman akarudia. Feni ilizunguka.

"Luqman, mavuno yamekwisha, na Bi Firdausi amelipia mpunga wote. Hesabu mpya inampa nani sehemu kubwa?"

"Wakulima."

"Na hii ya zamani?"

"Inampa Firdausi." Mkono wa Luqman ulibaki hewani juu ya kibodi. "Evod ametoa kikaratasi kinachompunja yeye mwenyewe."

Watu wote wa Kisawasawa walikuwa wamesikia maneno "hesabu ya zamani" na kupiga yowe la mwizi. Hakuna aliyeuliza hesabu hiyo inaelemea upande gani. Mwizi anayejiibia hukamatwa kwa sababu nyingine, na Agnella sasa alitaka kuijua. Kwanza, hata hivyo, utaratibu ulimtaka aende kwa yule aliyefaidika.

Bi Firdausi alikuwa dukani kwake karibu na mashine za kukoboa, akiuma punje ya mchele kwa meno ya mbele na kuisikiliza inavyovunjika. Duka lilikuwa la baba yake, aliyekuja kutoka Kilwa na mizani na watoto wanne, na kwa wasichana wa bweni lilijulikana kwa visheti vilivyofungwa katika karatasi za hesabu za zamani za mpunga. Agnella alimwamkia. Mama yule alimtazama juu ya miwani.

"Marahaba, mwanangu. Si wewe uliyekuwa ukiwapanga wenzako foleni hapa nje, kisha unanunua wa kwanza?"

"Ndiyo mimi, Mama Jihan."

"Visheti hakuna siku hizi. Aliyejua kuvikaanga alikuwa mama, Mungu amrehemu. Sisi tumebaki na ukubwa wa mwili tu. Kaa."

Agnella alikaa juu ya gunia na kumweleza, kwa upole wa kikazi, kwamba katika wizi huu mtu pekee aliyepata ni yeye. Bi Firdausi hakukasirika. Alisema sarafu zile zimekaa zilipoangukia, hajazigusa, na yuko tayari kuzirudisha hadi ya mwisho, kwa sharti moja tu. Aambiwe kwa yakini kwamba Evod hakukusudia kumwibia.

"Mtu akijaribu kunipiga leo, kesho nikamrudishia kila kitu na pole juu, mwanangu, keshokutwa barabara yote kuanzia Mkula itanijaribu. Mimi ni mwanamke peke yangu na mizani yangu. Ile adhabu ndiyo askari wangu."

Agnella alimwomba nakala yake ya hesabu. Hapo mama akaivuta simu kifuani. Ndani yake mlikuwa na bei za kila kikundi alichowahi kununua kwake, na hizo asingemwonyesha hata mwanawe Jihan, seuze serikali. Walivutana kidogo. Mwishowe Agnella aliandika namba ya ile hesabu ya zamani, aliyoisoma Luqman, kwenye kiganja chake, akamwomba aitafute mwenyewe na amwambie jambo moja tu: ni ya lini.

Bi Firdausi alimgeuzia mgongo na kuitafuta kwa kidole.

"Kabla ya masika," alisema. "Aurelia alikuwa hai."

Aurelia alikuwa mke wa Evod. Yeye ndiye aliyekuwa akipatana bei kwa niaba ya kikundi, alieleza Bi Firdausi, na alipatana kwa jumbe za sauti, ndefu, zenye salamu, mizaha, matusi madogo na mapishi ndani yake. Homa ilimchukua masika yale yale, katikati ya mvua. Tangu hapo bei zilipatanwa kwa maandishi, na biashara ikawa kavu kama hospitali.

Kisha akasema kitu alichokuwa nacho moyoni siku nyingi. Wiki chache kabla ya mkasa, Evod alikuja dukani. Hakuuliza bei. Aliuliza kama mama amehifadhi zile jumbe za sauti za marehemu.

"Nikamwambia nimebadilisha simu, zimepotea. Akashukuru. Chai yake aliiacha hapo ulipokaa, hakuinywa."

"Za kwake mwenyewe ziliishia wapi?"

"Alisema zilifutwa. Sikumchimba, amefiwa."

Agnella alishuka kwenye gunia. Hazikufutika, zilifutwa. Na mtu anayetafuta sauti iliyofutwa haendi duka la dawa ya kuku. Alimwuliza mama ni fundi gani wa simu watu wa Kisawasawa humwamini hapa mjini, na mama akamwelekeza kwa midomo, upande wa stendi.

Fundi Omega alikuwa na kibanda cha bati, taa yenye shingo ndefu, na dhamiri aliyoitangaza kabla ya kuulizwa. Yeye, alisema, hazungumzii simu za wateja. Anaona mengi, anasahau yote.

"Afande, kazi yangu ni kama ya padri."

"Padri hana lile kopo la biskuti."

Omega alitazama kopo lililokuwa chini ya meza, lenye vifaa vya kuhifadhia kumbukumbu vilivyoandikwa majina kwa kalamu nyekundu, akalegea. Miaka ya nyuma alipoteza picha zote za harusi ya mtu akiwa anabadilisha kioo cha simu, na wajomba wa bibi harusi walikuja kibandani wakiwa wamevaa suti zile zile za kwenye picha zilizopotea. Tangu siku hiyo hafungui simu kabla hajainakili yote, na nakala haitupi. Luqman, kule kivukoni, alikuwa amekesha miaka ili asijue siri ya mtu hata mmoja. Omega alizilaza siri za nusu ya Ifakara chini ya meza, pamoja na sumu ya panya.

Ndiyo, Evod alileta simu kabla ya masika, kioo kilipasuka. Ndiyo, yeye Omega aliinakili. Na siku ya gulio Evod alirudi, akamwomba amrudishie kitu kilichofutwa. Kuchomoa ujumbe mmoja mmoja ni kazi ya siku nzima. Omega alifanya iliyo rahisi: aliirudisha simu yote ilivyokuwa, kila kitu mahali pake, kama vile miezi ile haikuwahi kupita.

"Alisikiliza hapo kwenye benchi," alisema Omega, akionyesha kwa bisibisi. "Mimi nikawasha redio, nisisikie. Alipoondoka hakuomba chenji."

Agnella alitoka nje ya kibanda na kumpigia Luqman. Alimwuliza swali moja: simu iliyolala kabla ya masika ikaamka baada ya mavuno, itafanya nini na Mfereji?

Luqman alimwomba arudie swali. Kisha akaeleza. Kulikuwa na kanuni. Mwenzako asipoonekana kwa muda mrefu, simu huufunga Mfereji yenyewe kwa hesabu ya mwisho inayoijua, ili mnunuzi akitoroka asiwafungie wakulima haki yao. Simu ya Evod ilipoamka ilitazama kalenda, ikaona Bi Firdausi hajaonekana tangu kabla ya masika, ikadhani ametoroka. Ikafunga kwa uaminifu wote. Dungu akaona hesabu ya zamani, akaadhibu kwa uaminifu wote.

"Nani alibonyeza?"

"Hakuna aliyebonyeza."

"Na simu ingeweza kuuliza mahali kwanza, kama hesabu yake imepitwa na wakati?"

"Ingeweza, kama pangekuwa na mtu wa kuulizwa. Mtu huyo angekuwa mimi, na ningejua kila kitu. Nilichagua nisijue." Sauti yake ilikuwa imeishiwa mzaha. "Agnella, nilifikiria wezi wa kila aina. Mtu anayetaka tu kurudi nyuma sikumfikiria."

Ilikuwa mara ya kwanza tangu kidato cha kwanza kumwita kwa jina lake.

Alimkuta Evod jioni ya mapema, nyuma ya nyumba, akiosha baiskeli ambayo haikuwa chafu. Milima ya Udzungwa ilikuwa imeanza kuvaa ukungu. Agnella hakumhoji. Alimsimulia yeye: kioo kilichopasuka, nakala, benchi, redio. Evod aliosha gurudumu lile lile mpaka akafika mwisho.

Kisha akasema nani alizifuta. Walipoanua matanga, wazee waligawa vitu vya Aurelia kama ilivyo desturi. Vitenge kwa dada zake, masufuria kwa binti wa shangazi, jembe kwa mdogo wake. Mzee Nikodemu, mwenyekiti huyo huyo wa kikundi, ndiye mjomba wa marehemu, na ndiye aliyesimamia. Kazi ilipokaribia kwisha mtu mmoja akauliza, je, na sauti yake iliyomo kwenye simu? Wazee wakabishana. Wengine walisema sauti si kitu, haigawanyiki. Mzee Nikodemu akakata shauri. Iko siku Evod ataoa, na hakuna mwanamke atakayeingia nyumba ambayo marehemu bado anaongea. Anayegawa vitu agawe vyote. Basi Evod akakaa katikati yao kwenye mkeka, akafuta jumbe zote mbele yao, huku wanatazama, na akatoa neno lake kwamba amemaliza.

"Nilitoa neno mbele ya wajomba zake," alisema. "Mwizi anafungwa, anatoka. Mimi nikisema nilizirudisha, nitatoka lini?"

Agnella alikuwa na karatasi ya taarifa mkobani. Angeweza kuandika kwamba simu iliharibika na kurekebishwa, na yangekuwa kweli. Lakini Bi Firdausi angeuliza kwa nini, na mzee angeuliza kwa nini, na bila jibu la kwa nini mavuno ya Kisawasawa yangebaki Ifakara. Alimweleza Evod hayo yote bila kuyapamba.

"Nilichojua nimekijua kwa kazi," alimwambia. "Sikupewa ruhusa ya kukitangaza. Kesho ukinyamaza, nitasema simu ilirekebishwa, nitaishia hapo, na wao wataamua. Ukitaka kusema, sema mwenyewe."

Evod alikunja kitambaa alichooshea baiskeli, akakikunjua, akakikunja tena.

Ghalani kesho yake palijaa. Wanawake walikaa upande wa magunia matupu, wanaume upande wa mlango, na Bi Firdausi alifika kwa bajaji na kukaa katikati, peke yake, mkoba mapajani. Mzee Nikodemu alifungua kikao kwa sala, kisha akampa Agnella nafasi. Inspekta alieleza kwa maneno machache kwamba hesabu iliyotangazwa ilikipunja kikundi chenyewe, kwamba simu ilirudishwa nyuma kwa fundi, na kwamba hakuna aliyebonyeza kitu. Minong'ono ikapita kama upepo katika mpunga.

Mzee Nikodemu aliinua mkono. Alikuwa mzee mrefu, mkavu, mwenye koti la sare ya wafanyakazi wa reli ambalo hakulivua hata wakati wa joto.

"Katibu," alisema. "Simu ilikuwa nzima. Uliirudisha nyuma kutafuta nini?"

Evod alisimama. Watu waliokuwa karibu naye walisema baadaye kwamba alisimama kama anayeitwa jina darasani. Alisema alikwenda kuichukua sauti ya Aurelia. Alisema alitoa neno na akalivunja. Alisema kama ni kosa, kosa ni hilo, lakini mpunga wa watu hakuuiba.

Bi Firdausi alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya mtandio, akasema kwa ghala zima kwamba yeye ameshapata jibu lake, na kabla ya adhuhuri sarafu zote zitakuwa kwa wenyewe, kwa hesabu ya mwisho, katika Mfereji mpya. Wanawake wa upande wa magunia walianza kushangilia, wakakatishwa na uso wa mwenyekiti.

Mzee Nikodemu hakuwa ameondoa macho kwa Evod.

"Umezifuta tena?"

"Hapana, mjomba."

"Ziko humo?"

"Zimo."

Mzee aliitazama simu. Agnella, aliyewahi kusimama mbele ya walimu wa zamu wa kila aina, hakuweza kuusoma uso ule.

"Tusikie," alisema mzee.

Evod alitafuta kwa kidole. Kisha ghala likajaa sauti ya mwanamke mwenye haraka, na nyuma yake mchi ukitwanga na mtu akicheka mbali.

"Evod, usisahau, pitia kwa mjomba Nikodemu. Mwambie kambale wake nimemkausha, yuko juu ya uchaga, aje amchukue kabla paka hajapata habari. Na umfuate mwenyewe, usimpigie. Kwenye simu hasikii yule, anasema ndiyo, ndiyo, halafu haji."

Mtu mmoja upande wa wanawake aliangua kicheko, kikageuka kitu kingine kabla hakijaisha. Sauti ilikwisha. Nje, baiskeli ilipita ikipiga kengele.

Mzee Nikodemu aliinuka, akavuta kigoda chake kwa mkono mmoja, akaketi karibu na Evod mpaka magoti yao yakagusana. Akainamisha sikio juu ya simu.

"Weka tena," alisema. "Hapo kwa kambale sikusikia vizuri."